Kisomo cha Nani?

Mimi naitwa Hamisa. Nina miaka arobaini na mbili. Haya unayosoma nimeyaandika kwa mkono wangu. Naanza kwa kusema hivyo kwa sababu miaka miwili iliyopita nisingeweza kuandika hata jina langu. Kama na wewe ndiyo kwanza unaanza kusoma, twende polepole. Mimi pia nilikwenda polepole.

Tunakaa pembeni mwa mji wa Karatu. Mume wangu, Hamidi, ana duka la vipuri vya pikipiki. Kila asubuhi, ukungu ukiwa bado umetanda barabarani, yeye anafungua duka na mimi nakaanga maandazi hapo mbele. Madereva wanaopeleka wageni Kreta kutazama wanyama wanasimama, wananunua, wanakwenda. Bodaboda wanakuja kutafuta cheni na plagi.

Mtoto wetu Asmaa alikuwa anasomea ualimu Arusha. Alikuwa ananitumia ujumbe kwenye simu. Kusoma siwezi, kwa hiyo namwomba yeyote aliyesimama dukani anisomee. Siku moja bodaboda mmoja alinisomea kwa sauti kubwa:

"Mama, usimwambie baba, nimepoteza miwani."

Baba mwenyewe alikuwa nyuma ya kaunta. Siri zangu zote wateja walizijua.

Usidhani nilikuwa mtupu kabisa. Nilijua sura nyingi za Qurani kwa moyo. Nilizishika kwa kusikia, nikiwa mtoto kule Mang'ola, kwenye mashamba ya vitunguu. Hamidi naye ni wa Mang'ola. Tulihamia Karatu miaka kumi na minne kabla ya haya ninayokusimulia.

Sasa sikia nilivyojiaibisha.

Mwezi wa sita mjumbe wa mtaa alipita na kipaza sauti. "Tangazo! Tangazo! Jumamosi saa tisa alasiri, pale shule ya msingi, kuna kisomo cha watu wazima! Wote mnakaribishwa!"

Sisi Waislamu tukisikia kisomo tunajua ni nini. Watu wanakusanyika, wanamsomea dua marehemu au mgonjwa, kisha wanakula. Nikasema moyoni, maskini, wamefariki watu wazima, tena zaidi ya mmoja. Nikapika pilau sinia zima. Nikachukua chetezo na udi. Nikajitanda vizuri, nikaenda.

Nilipoingia darasani nilikuta wanawake wanane na wazee wawili. Wamekaa kwenye madawati ya watoto, magoti yamefika kidevuni. Hakuna aliyekuwa analia.

"Assalamu alaykum," nikasema. "Poleni sana na msiba."

Wakatazamana. Udi wangu unafuka. Mbele alisimama Mwalimu Cresensia, jirani yetu, mwalimu mstaafu wa jiografia. Yeye ni Mwiraqw, anasali kanisani, na sauti yake haijui kunong'ona.

Nikauliza kwa adabu, "Samahani, kisomo cha nani?"

Mwalimu akaliangalia sinia. Akakiangalia chetezo. Kisha akaniangalia mimi.

"Chako, mama," akasema. "Karibu ukae."

Lo! Nilitamani ardhi ipasuke. Nailantei, mama wa Kimaasai anayetuuzia maziwa, alicheka mpaka shanga zake zikalia. "Kumbe kusoma kuna pilau! Mimi sikosi tena!"

Tulikula pilau. Halafu Mwalimu akanipa chaki. Alinishika mkono, tukachora mistari miwili iliyosimama na mmoja wa katikati. "Hiyo ni H," akasema. "Hamisa linaanza hapo."

Niliitazama ile H mpaka macho yakaniuma. Miaka arobaini nimeitwa jina hili, na sikuwahi kuiona sura yake.

Nyumbani Hamidi alicheka hadi akakohoa. "Umewapelekea pilau ya msiba! Haya nenda, utachoka mwenyewe."

Sikuchoka.

Wakati huohuo Hamidi alikuwa anajenga chumba cha kuswalia kando ya duka. Alitaka madereva na wasafiri wapate mahali pa kuswali, na thawabu ziende kwa marehemu baba yake. Hamidi alimpenda baba yake kupita kiasi. Akikutajia jina lake, sauti inabadilika. Mzee yule alikuwa mkulima wa vitunguu, mcha Mungu, na aliwaachia wanawe neno moja kuhusu kibla: "Ukisimama kuswali, elekea Oldeani."

Oldeani ni mlima. Ukiwa nyumbani kwetu Karatu unauona vizuri. Hamidi ameuelekea kila swala tangu tuhamie, na mimi nyuma yake. Hata chumba kile kilielekezwa huko. Fundi Wilibrodi alikuwa ameshafikisha kuta juu. Ilibaki mihrabu, pale mbele anaposimama imamu, na paa.

Jumamosi ya nne Mwalimu alitutoa nje. "Panueni mikono," akasema. "Mkono wa kulia uelekee jua linakochomoza. Huko ni mashariki. Wa kushoto, linakozama. Uso wako unaangalia kaskazini. Mgongo, kusini."

Akaandika neno ubaoni. Nililisoma kwa vipande. "Ma-gha-ri-bi. Magharibi! Mwalimu, si ndiyo jina la swala yetu?"

"Ndiyo hilohilo. Jua linapozama, na upande linakozama."

"Na Makka iko upande gani kutoka hapa?"

"Kaskazini. Imekwenda kidogo tu upande wa mashariki."

Nilirudi nyumbani nimefurahi. Jua lilipozama, Hamidi alisimama kuswali. Nikasimama nyuma yake. Nikainua macho kidogo, na nikaona wekundu mbinguni. Jua lilikuwa limezama palepale mbele yetu, nyuma ya Oldeani. Sijui hata niliswali nini.

Tulipomaliza nikauliza taratibu, "Baba Asmaa, hii ilikuwa swala gani?"

"Magharibi. Umesahau?"

"Na jua limezama upande gani?"

"Magharibi."

"Na sisi tulielekea wapi?"

Uso ukabadilika. "Mimi nimeelekea alikoelekea baba yangu. Wewe, wiki nne za chaki, unataka kumsahihisha marehemu?"

"Sijasema hivyo. Na yule dereva wa lori aliyesimama hapa mwezi uliopita naye alisema kibla si huku. Simu yake ilionyesha."

"Simu yake! Hata mtandao ilikuwa haishiki. Nilimwambia aende zake." Akakunja mkeka. "Sasa sikiliza, Mama Asmaa. Elimu ni ya dini. Hiyo nyingine ni ya dunia, itatuacha hapahapa duniani. Kisomo kimeisha. Jumamosi hutoki."

Nililia siku ile, sikufichi. Nilikuwa nimefika herufi ya mwisho. Nilikuwa nimeanza kusoma vibao vya maduka, kimoja kimoja, kama mtu anayefunguliwa madirisha. Daftari langu nikalificha kwenye ndoo ya unga.

Siku ya pili nilipokwenda sokoni nilimpitia Ustadh Ashrafu. Ustadh anafundisha madrasa, na akimaliza anatengeneza redio mbovu kwenye kibanda chake. Nilimkuta ameshika waya mdomoni. Nikamweleza yote. Nilitegemea aniambie, mtii mumeo, rudi nyumbani.

Akatoa waya mdomoni. "Mama Asmaa, neno la kwanza kabisa kumshukia Mtume wetu, rehma na amani ziwe juu yake, lilikuwa amri. Unajua ni amri ya nini?"

"Kuswali?"

"Hapana."

"Kufunga?"

"Hapana. Kusoma."

Nikamtazama.

"Kabla ya swala tano," akasema. "Kabla ya funga, kabla ya hija. Kusoma. Na kutafuta elimu ni faradhi kwa kila Mwislamu. Mwanamke hakuachwa nje ya mlango."

Nimekuwa Mwislamu tangu tumboni mwa mama, na kumbe kitu nilichokuwa nakionea aibu kwenye dawati la watoto kilikuwa ndicho kilichoamrishwa mwanzo kabisa!

"Lakini hii ya chaki, Ustadh? Baba Asmaa anasema ni ya dunia."

"Waislamu wa zamani walifika nchi za mbali sana. Nani aliwaonyesha kibla huko? Walisoma nyota. Walilisoma jua. Walipiga hesabu ngumu. Na yote hayo ili waswali. Niambie, hapo dini inaishia wapi na dunia inaanzia wapi?"

Akachukua kalenda ukutani.

"Mara mbili kwa mwaka, jua linasimama juu kabisa ya Kaaba. Utosini. Mwisho wa mwezi wa tano, na katikati ya mwezi wa saba. Dakika hiyo Kaaba haina kivuli. Na mtu yeyote anayeliona jua dakika hiyo, akilielekea, ameelekea Kaaba."

"Hata aliyeko Karatu?"

"Hata aliyeko Karatu. Saa za Makka na saa zetu ni zilezile. Safari hii ni tarehe kumi na sita, saa sita na dakika ishirini na saba mchana. Zimebaki siku nne."

Kesho yake Ustadh alikuja kwetu. Alikunywa chai, akaongea habari za redio, kisha akamweleza Hamidi habari za jua. Hamidi alisikiliza huku anafuta grisi mikononi.

"Sawa," akasema mwisho. "Jua ni la Mungu, si la Mwalimu Cresensia. Likisema Oldeani, Mama Asmaa ataacha hayo mambo na hatutayarudia tena."

"Na likisema kwingine?" nikauliza kutoka mlangoni.

Akanitazama. "Likisema kwingine, nitakupeleka kisomo mimi mwenyewe. Na sinia nitabeba mimi."

Ustadh alicheka. Mimi sikucheka. Kama jua lingesimama upande wa Oldeani, daftari langu lingebaki kwenye unga maisha yangu yote.

Tarehe kumi na sita iliamka na ukungu wa Karatu ule wa mwezi wa saba, ambao mtu akivuka barabara humwoni tena. Saa nne, ukungu. Saa tano, ukungu. Wilibrodi alikuwa ameweka ubao juu ya kuta za chumba kile kisicho na paa. Kwenye ubao akaning'iniza timazi yake, ile kamba yenye chuma chini ambayo mafundi wanapimia ukuta kama umesimama wima. Chuma karibu kiguse sakafu, ili kivuli cha kamba kituonyeshe jua liko upande gani.

"Kamba hii haijawahi kunidanganya," akasema Wilibrodi. "Shida ni hilo jua lenu."

Ustadh alifika na redio ili tupate saa kamili. Mwalimu Cresensia alisimama mlangoni. Alivua viatu ingawa hakuna aliyemwambia. Nailantei alikuja na maziwa yake. Bodaboda walizima pikipiki, wakachungulia juu ya ukuta.

Saa sita redio ilipiga. Ukungu ulikuwa umeondoka, lakini wingu zito lilikaa. Saa sita na robo, wingu. Saa sita na dakika ishirini, wingu.

"Halitaki," akasema Hamidi. Sauti yake haikuwa na furaha wala huzuni.

Mimi nilikuwa nasoma kila sura niliyoijua.

Saa sita na dakika ishirini na tano sakafu ilianza kung'aa taratibu. Kisha jua likatoka, kali, jeupe, na kivuli cha kamba kikalala kwenye saruji, chembamba, cheusi, kimenyooka.

"Wilibrodi, shika penseli," akasema Ustadh. Macho yake yalikuwa kwenye saa. "Bado... bado... Sasa! Bismillahi, piga mstari!"

Wilibrodi akapiga mstari.

Ndugu yangu, sijui nikuambieje. Nilifikiria kwamba dakika ile, huko mbali ng'ambo ya bahari na jangwa, nyumba ile tukufu haina kivuli hata kidogo. Na jua lilelile limetuma habari mpaka kwenye kamba ya fundi, kando ya duka la vipuri, Karatu. Na mtu alilijua hilo kabla. Mtu alikaa akasoma, akahesabu, akaijua hata dakika. Subhanallah! Machozi yalinitoka na sikuyafuta. Hata Mwalimu Cresensia, ambaye ameifundisha jiografia miaka thelathini, alikuwa ameshika kifua.

Hamidi alipiga magoti. Alianzia ncha ya kivuli, akaufuata mstari kwa kidole kuelekea upande wa jua. Kidole hakikwenda ukuta wa mbele. Kilikwenda ukuta wa kulia. Oldeani ilibaki kushoto kabisa.

Akakaa juu ya matofali. "Miaka kumi na minne," akasema.

Ustadh akainama karibu naye. "Ndugu yangu, ulifanya kwa nia njema na hukujua. Mola ni mwingi wa rehema, tunataraji amezipokea swala zako. Kosa ni mtu akishajua na akakataa kugeuka."

"Silii kwa ajili yangu, Ustadh!" Kumbe alikuwa analia kweli. "Baba yangu! Ameswali maisha yake yote akiuelekea mlima huo. Mimi nimjengee chumba cha thawabu, halafu jua liseme alikosea?"

Hapo ndipo nilipomwelewa mume wangu. Hakuwa anaichukia chaki. Alikuwa anamlinda baba yake.

Mwalimu Cresensia akaita kutoka mlangoni, kwa sauti yake ileile ya darasani. "Hamidi! Baba yako alikuwa wapi alipowaambia elekeeni Oldeani?"

"Mang'ola. Shambani."

"Niletee plagi mbili na nati moja kubwa."

Hamidi alimshangaa, lakini alileta. Mwalimu akaviweka chini, nje ya mlango. "Nati hii ni mlima Oldeani. Plagi hii ni Mang'ola, iko chini yake, kusini. Mtu wa Mang'ola akiuelekea mlima, ameelekea wapi?"

Hamidi akafuata kwa kidole kutoka plagi hadi nati. "Kaskazini."

"Kaskazini, na kidogo tu mashariki. Ilipo Makka. Sasa plagi ya pili ni Karatu. Iko huku, mashariki mwa mlima. Mtu wa Karatu akiuelekea mlima huohuo?"

"Ameelekea..." Hamidi akasogeza kidole. "Magharibi."

"Basi baba yako hakukosea," akasema Mwalimu. "Mlima haukuhama. Wewe ndiye uliyehama."

Hamidi aliishika ile nati. Akaigeuza, akaigeuza. Kisha akacheka huku machozi bado yako mashavuni. "Alhamdulillah! Mzee alikuwa sawa! Mzee alikuwa sawa kabisa!" Alisimama akamshika Ustadh mkono, akamshika Wilibrodi, akataka kumshika hata Nailantei, akakumbuka, akarudisha mkono. Bodaboda walipiga honi.

Robo saa baadaye adhuhuri iliingia. Tuliswali mlemle, bila paa, tukiufuata mstari wa penseli. Jua lilikuwa utosini mwetu karibu, na upepo wa baridi unatoka milimani. Ilikuwa mara yangu ya kwanza kuswali huku najua, kwa akili yangu mwenyewe, ninaelekea wapi.

Wilibrodi hakubomoa nyumba. Aliuziba mlango uliokuwa ukuta wa kulia, akautoboa upya upande mwingine, na mihrabu ikakaa penye haki yake. Mstari ule umepakwa rangi nyeupe, upo mpaka leo. Dereva yule wa lori alipita, akaswali, akamwomba Hamidi msamaha. Hamidi akamwambia, "Mimi ndiye wa kuomba."

Mwezi wa kumi Asmaa alinitumia ujumbe. Nilijifungia jikoni, nikausoma herufi kwa herufi: *Mama, nimefaulu.* Sikumpa mtu anisomee. Nilikaa nao peke yangu kwanza, mpaka maandazi yakaungua, ndipo nikatoka nikamwambia baba yake. Sasa natafuta maana ya zile sura ninazozijua kwa moyo, moja moja, na Ustadh ananisahihisha. Kuna siku naacha kusoma ninyamaze tu, kwa uzuri wa nilichokuwa nakitamka miaka yote bila kujua.

Lakini nimeiruka Jumamosi ile.

Jumamosi iliyofuata tarehe kumi na sita nilipika pilau. Nililitoa daftari kwenye ndoo, nikalikung'uta unga. Hamidi akafunga duka mchana kweupe, kitu ambacho hajawahi kukifanya hata siku ya mnada. Akavaa kanzu. Akaliinua sinia, akaliweka begani, tukashika barabara. Yeye mbele, mimi nyuma na daftari langu.

Watu wakatoka madukani. Kanzu, sinia, mke amejitanda: wote wakajua kuna jambo. Mzee mmoja akavua kofia.

"Poleni sana, Hamidi. Ni msiba?"

"Hakuna msiba, mzee. Tunakwenda kisomo."

"Kisomo cha nani?"

Hamidi akasimama katikati ya barabara. Akaliweka sinia sawa begani, ili mkono mmoja uwe huru, na akaninyooshea mimi.

"Cha mke wangu," akasema.